Stakabadhi ya Mtu

Ghala la chama cha msingi, Kilambo, mwezi wa tano.
Msimu umekwisha, magunia yamekwenda mnadani,
mafuta ya maganda yamebaki ukutani, ukiegemea yanawasha.
Humo ndimo walimolazwa watu arobaini na mmoja
waliovuka Ruvuma usiku, maji yakiwafika kifuani.

Niliitwa alfajiri kwa sababu najua Kimwani.
Mama yangu alikuwa wa ng'ambo; ndiyo sifa yangu yote.
Posho elfu kumi na tano, na soda.

Afande Nambunga si mtu mbaya. Niseme hilo kwanza.
Mwanawe nimemfundisha darasa la nne, anajua kugawanya.
Meza ameiweka kando ya mzani,
fomu juu ya meza, jiwe juu ya fomu,
na nje lori linanguruma, halizimwi,
betri yake ikilala haiamki bila kusukumwa.

"Waambie waweke dole gumba hapa."
Hapa pameandikwa nini?
"Kwamba wanarudi kwa hiari yao."

Kimwani na Kiswahili walinyonya ziwa moja.
Hiari kwao ni hiari. Halikuhitaji mkalimani neno hilo,
nikajiuliza basi mimi nimeitiwa nini.

Wa kwanza mezani: Atija Saide, mshonaji, wa Palma.
Mgongoni mtoto. Mkononi kichwa cha cherehani
kimefungwa kanga kama mgonjwa wa jino;
miguu yake imebaki katika nyumba iliyoungua.

Nikaisoma fomu. Kisanduku cha saba, maandishi ya sisimizi:
Je, unaogopa kurudi ulikotoka? Eleza.
Kwenye fomu zote arobaini na moja kimeshajazwa,
mwandiko mmoja, wino mmoja:
Hapana. Hapana. Hapana.
Hata waliolala bado, kule nyuma, walikwisha kujibu.

Afande, swali hili hujawauliza.
"Mwalimu, tumekodi ulimi wako. Macho hatukukodi."
Amri ya nani?
Akanionyesha simu: ujumbe wa maneno tisa, hauna jina.

Nikasema, Afande, wewe na mimi tumesomeshwa na mkorosho.
Umesahau kangomba?
Bakuli la mchuuzi, njaa ya masika,
jasho la mwaka likiondoka bila kupimwa?
Tukapiga kelele mpaka ikawa haramu
gunia kutoka humu bila kupanda mzani huu,
bila stakabadhi: nakala ya mkulima, nakala ya ghala,
na mkaguzi wa kuzilinganisha.
Likipungua kilo mbili, wilaya nzima hailali.
Huyu mama, stakabadhi yake iko wapi?
Kesho nani mkoani atauliza
waliingia wangapi, wametoka wangapi, na nani aliwapima?

Hakunijibu. Akaliondoa jiwe, akalirudisha.

Nikamgeukia Atija, nikamuuliza kisanduku cha saba.
Alikaa kimya mpaka mtoto akastuka.
"Tangu nivuke," akasema, "nimeulizwa jina,
nimeulizwa simu, nimeulizwa kama nina pesa.
Hilo hakuna aliyeniuliza."
Kisha akaeleza.
Sitayarudia hapa; yako kwenye karatasi, ni yake.
Afande akaandika, akakosea, akafuta,
akaomba nirudie jina la kaka mtu.
Juu ya ile Hapana alipiga mstari mmoja, mwembamba,
kama mtu anayejikata kucha za mkono wa kulia.

Saa nane mchana tulikuwa tumefika mtu wa sita.
Lori likazimwa. Sijui ni huruma
au ni bei ya dizeli.
Nikaambiwa nenda ukale, utaitwa.

Sikuitwa. Usiku nililisikia likisukumwa,
"moja, mbili, haya!", sauti za wanaume wengi,
na asubuhi ghala lilikuwa limefagiliwa.

Ninazo nakala sita, kwa mkono wangu,
nyuma ya daftari la mahudhurio.
Nimeziandikia mkoa. Nimeandika tena.
Thelathini na watano sikuwauliza hata majina.